Ua

Saa moja asubuhi, Glasgow bado ni usiku.
Nawasha boila, namwaga chumvi ngazini,
kisha nasimama stoo, taa nimezima,
natazama ua wa miiba unaoizunguka shule.

Ua. Neno fupi: la kuzungushia,
la kunusa, na lile jingine
lisilohitaji ila mtu wa kuamriwa.

Tangu Septemba mlangoni pana mtambo unaonusa chuma.
Ndiyo maana, kabla ya kengele, kuna watoto wanaopita uani kwanza,
mmoja mmoja, wakiinama
kama wanaofunga kamba za viatu.

Najua kipi ni cha nani.

Cha Struan ni cha mkate, meno yamelika,
mpini kaufunga utepe wa fundi umeme.
Njia ya kwao inapita juu ya daraja la reli,
na ng'ambo ya daraja wapo vijana wanaolijua jina la kaka yake.
Siku moja, tukizoa vioo vya dirisha, nilimuuliza:
umewahi kukitumia?
"Kukata tosti," akasema. Hakucheka.

Murdo hana adui. Murdo kasikia tu
kwamba wote wanabeba.
Nimehesabu mimi: wa uani ni saba,
na shule ina watoto mia nane.
Lakini ukiwa na miaka kumi na mitatu
saba ndio wote.

Mirren habebi chake. Habeba cha mtu
aliyemwambia wasichana hawapekuliwi,
na aliyemwambia, jioni hiyohiyo, kwamba anampenda.

Yuko mwingine, simtaji.
Chake hakihusu barabara.
Hukirudisha nyumbani, hukilaza chini ya mto,
kwa ajili ya mwanamume anayelala chumba cha pili na mama yake.

Mtoto akililia wembe, mpe: ndivyo tulivyoambiwa.
Hawa hawakulia.
Droo ilikuwa wazi, mama yuko zamu ya usiku,
vijiko upande huu, visu upande ule.
Na mwenye kisu kikali, eti, ndiye mla nyama.
Nimeona wanachokula:
chipsi za pauni moja, watu watatu.

Karani wa halmashauri alikuja na fomu, akataka sababu.
Nikamwambia: daraja.
Akatafuta kisanduku cha daraja,
akageuza ukurasa, akarudi,
akatia alama penye "mengineyo".

Mnauliza kwa nini sikuvichukua.
Nilivichukua. Oktoba, vyote saba, kwenye ndoo ya mopu,
nikavipeleka polisi, nikapewa risiti.
Kesho yake uani vilikuwa sita vipya, virefu zaidi,
na Struan alikuja saa nne, midomo imevimba,
akaniangalia mikono, si uso.
Hakusema neno. Wiki iliyofuata
nilikiona tena kile cha meno yaliyolika, au pacha wake,
na safari hii sikukigusa.
Sijui kama nilifanya vyema. Nasema nilichofanya.

Halafu nikaanza kumwaga chumvi darajani.
Daraja si la shule, hakuna aliyenituma.
Saa tisa na nusu nashika ndoo na koleo,
nakwenda polepole, mzee na goti lake bovu,
narusha chumvi kushoto, narusha kulia,
mpaka wa mwisho wao avuke.
Vijana wa ng'ambo huniita majina. Najibu kwa chumvi.
Februari palikuwa na barafu.
Machi palikuwa na mvua.
Sasa ni Mei, nimevaa shati la mikono mifupi,
bado namwaga.

Struan hapiti tena uani asubuhi.
Chake hakikuchukuliwa; kimebaki mle ndani
kinaota kutu, utepe umefunguka,
na juu yake ua wote umechanua, mweupe,
harufu yake inaingia mpaka stoo.

Sita bado huinama.
Jana Murdo alinusa, akapiga chafya,
akaacha mkono mle ndani ya miiba kwa muda,
kama aliyesahau alichofuata.
Kisha akakumbuka.